Kuchagua kibodi ya Bluetooth kwa tableti ndogo: pima vidole kabla ya kupima tableti

Tableti ya inchi 8 inabebeka vizuri, lakini siku unapotaka kuandika zaidi ya ujumbe mfupi, skrini haitoshi. Ukiishika kwa mlalo, kibodi ya kwenye skrini inameza karibu nusu ya nafasi na unabaki na mistari michache ya unachoandika. Kibodi ya nje inaondoa kero hiyo. Shida ni kwamba wanunuzi wengi huchagua kibodi yenye upana sawa na tableti kwa sababu vikiwa pamoja vinapendeza, kisha wanajikuta wanadonoa kwa vidole viwili vilevile. Kibodi ni ya mikono. Tableti yenyewe itakubali kibodi ya ukubwa wowote.

Maelezo haya yanalenga tableti za inchi 8 hadi 9, kama iPad mini, Samsung Galaxy Tab A9 na Tab A7 Lite. Mengi yake yanafaa pia kwa vishikwambi walivyogawiwa walimu wa Tanzania baada ya Sensa ya 2022.

Anza na tableti yenyewe

Tableti nyingi ndogo hazina pini za kupachika kibodi. Hata iPad mini haina kiunganishi kile cha pini kinachopatikana kwenye iPad kubwa, kwa hiyo kava zenye kibodi zinazotumia pini hizo hazifanyi kazi kwake. Njia zinazobaki ni Bluetooth au tundu la chaji.

Kabla ya kwenda dukani angalia mambo matatu. Kwanza, tundu la chaji ni USB-C au Micro USB? Jibu litakusaidia ukilazimika kutumia adapta ya OTG, kile kiunganishi kidogo kinachoiwezesha tableti kupokea vifaa vya USB. Pili, je, tableti ni ya kwako au ya mwajiri? Za kazini na za shule mara nyingine hufungwa na msimamizi, na sehemu ya Bluetooth huenda haifunguki kabisa. Jaribu kuiwasha na kutafuta kifaa chochote, hata spika ya jirani, kabla ya kutoa pesa.

Tatu, toleo la Android. Desemba 2023 kulitangazwa udhaifu unaomwezesha mtu aliye karibu kujifanya kibodi ya Bluetooth na kuingiza herufi kwenye kifaa chako bila wewe kukubali. Android 11 hadi 14 zilitolewa marekebisho mwezi huohuo. Android 10 kurudi nyuma hazikupata. Kama tableti yako ni ya zamani, bado unaweza kutumia kibodi, ila zima Bluetooth kila unapomaliza kuandika, hasa ukiwa kwenye halaiki ya watu.

Upana wa vitufe, na kadi mbili za benki

Kipimo muhimu kuliko vyote ni umbali kutoka katikati ya kitufe kimoja hadi katikati ya jirani yake. Kwenye kibodi ya kawaida ya mezani ni takribani milimita 19. Kwenye milimita 17 bado utachapa kwa vidole kumi baada ya kuzoea siku chache. Kwenye 16 mwenye vidole vyembamba atavumilia. Ikifika 15 au chini ya hapo, kidole kimoja kinagusa vitufe viwili na kasi inapotea.

Wauzaji hawaandiki kipimo hiki kwenye boksi, lakini ni rahisi kukipata. Weka rula kwenye ukingo wa kushoto wa kitufe cha Q na upime hadi ukingo wa kushoto wa P. Hapo kuna hatua tisa. Milimita 171 maana yake ni 19 kwa kila hatua, 153 ni 17, 135 ni 15. Huna rula? Kadi ya benki ina urefu wa milimita 85.6. Panga mbili, moja ikifuata nyingine, kuanzia ukingo wa Q. Zikiishia hasa kwenye ukingo wa kushoto wa P, hiyo ni kibodi ya ukubwa kamili. Zikipita hadi ukingo wa kulia wa P, uko kwenye 17 hivi. Zikimaliza P zima na kuingia kitufe kinachofuata, irudishe kwenye rafu.

Ukinunua mtandaoni, tumia picha iliyopigwa kutoka juu na upana uliotajwa na muuzaji. Tuseme kibodi ina milimita 250. Kwenye skrini yako picha yake ina sentimita 10, na kutoka Q hadi P ni sentimita 6. Sita ya kumi ya 250 ni 150; gawa kwa 9, unapata 16.7. Picha ya pembeni itakudanganya, usiitumie.

Sasa tazama kwa nini kibodi inayolingana na tableti ndogo haiwezi kuwa nzuri. Galaxy Tab A9 ina upana wa milimita 211 ikilazwa, iPad mini 195. Mstari kamili wa kibodi ya kompyuta unachukua nafasi ya vitufe 15. Gawa 211 kwa 15 upate 14. Ili kufika 16 mtengenezaji hana budi kupunguza vitufe vya pembeni au kuviondoa, na vinavyoondolewa ni vya upande wa kulia. Huko ndiko inakokaa alama moja ambayo mwandishi wa Kiswahili hawezi kuishi bila hiyo.

Ritifaa iko wapi?

Ng'ombe, ng'ambo, ng'oa, ng'amua. Kwenye kibodi ya kawaida ritifaa iko kulia kwa L, kando ya Enter, inabonyezwa na kidole cha mwisho bila kufikiri. Kwenye kibodi zilizobanwa inahamishiwa chini karibu na kitufe cha nafasi, au inapachikwa juu ya herufi nyingine na kuhitaji kushikilia kitufe cha pili kiitwacho Fn. Anayeandika Kiingereza atasumbuka kidogo, lakini anayeandika taarifa ya mifugo kwa Kiswahili atachoka kabla ya ukurasa wa kwanza kwisha. Ikihitaji Fn, usiinunue.

Ukiwa dukani andika sentensi hii mara tatu mfululizo: *Ng'ombe waling'ang'ania nyasi hadi wakazing'oa.* Ina ritifaa nne. Kama mara ya tatu bado unatafuta kitufe kwa macho, kibodi hiyo haikufai.

Angalia pia Shift ya kulia. Baadhi ya kibodi ndogo huingiza mshale wa juu kati ya alama ya mkwaju na Shift, hivyo unataka herufi kubwa na kishale kinaruka mstari wa juu. Kosa hili halizoeleki upesi, kwa sababu mkono umeshakariri mahali pa Shift.

Herufi zilizochorwa juu ya vitufe zina uzito mdogo kuliko watu wanavyodhani. Kibodi haitumi herufi, inatuma namba ya mahali pa kitufe. Tableti ndiyo inayoamua namba hiyo iwe herufi gani. Kibodi iliyotoka Dubai au Muscat yenye maandishi ya Kiarabu pembeni mwa yale ya Kilatini itaandika Kiswahili bila tatizo. Ile ya mpangilio wa Kifaransa, inayoonekana sana Bujumbura, Goma na Bukavu, ina A mahali pa Q. Ukiiacha tableti kwenye mpangilio wa Kiingereza, kila A utakayobonyeza itatoka Q, na Kiswahili kimejaa A. Chagua mpangilio wa Kifaransa kwenye mipangilio na vitufe vitasema kweli.

Bapa, ya kukunja, au kava?

Kava lenye kibodi ndilo linalovutia zaidi na ndilo tunalolipendekeza kwa nadra zaidi. Vitufe vyake vimebanwa na upana wa tableti, kama hesabu ilivyoonyesha. Tena ukiipakata, tableti inavuta nyuma: Galaxy Tab A9 ina gramu 332, na kitako cha kibodi kisipokuwa kizito kuliko hapo, kila ukigusa skrini kitu kizima kinapinduka. Tena ukibadilisha tableti, kava linabaki bila kazi. Faida yake ni moja tu, kwamba huwezi kuisahau kibodi nyumbani.

Za kukunja ziko za aina mbili. Ile inayokunjwa katikati ina mpasuko kati ya mkono wa kushoto na wa kulia, kwa kawaida kati ya T na Y, G na H. Anayechapa kwa vidole kumi bila kuangalia huzoea. Anayevusha kidole cha kushoto kubonyeza Y au H hatazoea. Ile ya mikunjo mitatu, yaani yenye vipande vitatu, inaziacha herufi nyingi zikiwa pamoja katikati na kukunjwa pembe mbili tu, na mara nyingi ndiyo bora kati ya hizo mbili. Zote zina udhaifu wa bawaba. Ndani yake kuna utepe mwembamba wa nyaya unaopinda kila mara unapofungua. Ukianza kuchoka, dalili yake ni kundi la vitufe vya upande mmoja kufa pamoja na kufufuka ukiisogeza pembe kidogo. Fundi wa simu wa kawaida hawezi kuubadilisha kwa urahisi, kwa hiyo hesabu kibodi ya kukunja kama kitu chenye umri. Pia nyingi hazina kufuli ya bawaba, na juu ya mapaja zinajikunja zenyewe. Ni za mezani.

Kibodi bapa isiyokunjwa ndiyo chaguo la anayeandika kila siku. Logitech K380 ni mfano unaopatikana sana: upana milimita 279, unene 16, gramu 423, betri mbili za AAA. Ndiyo, ni nzito kuliko tableti inayoitumikia, maana iPad mini ina gramu 293 tu. Kwenye mkoba wa begani hutauona uzito huo. Kwenye mkoba mdogo wa mkononi haitaingia, na hapo ndipo ile ya mikunjo mitatu inapata kazi.

Kibodi bapa inahitaji stendi ya tableti. Nunua ya chuma au plastiki inayokunjwa, yenye mdomo wa chini wenye kina kinachotosha tableti pamoja na kava lake. Inua skrini kadiri meza inavyoruhusu, shingo itakushukuru.

Umeme

Betri za AAA zinauzwa hadi kwenye kioski, na kibodi isiyo na taa huzitumia kwa miezi mingi. Betri ya ndani ya kuchaji inaokoa uzito, lakini ikifa, kibodi imekufa nayo. Wauzaji huandika uwezo wake kwa mAh (miliampia-saa). Kibodi yenye mAh 150 inayotumia mA 3 itachapa saa 50. Ukiwasha taa za vitufe matumizi hupanda mara nyingi zaidi na saa hizo zinayeyuka, kwa hiyo kwa asiyeandika gizani taa ni mzigo. Betri ya ndani iliyoachwa tupu kabatini huharibika. Ichaji kila baada ya miezi miwili au mitatu hata kama huitumii.

Kuna hitilafu moja inayowachanganya wengi: kibodi mpya yenye tundu la USB-C haichaji kabisa ikichomekwa kwenye chaja ya kisasa kwa waya wenye USB-C pande zote mbili. Chaja ya aina hiyo haitoi umeme mpaka ione vizuizi vya umeme (rezista) vya kiloomu 5.1 ndani ya kifaa, na watengenezaji wa vitu vya bei nafuu huviacha ili kubana gharama. Kibodi si mbovu. Tumia waya wa zamani wenye kichwa kipana cha USB upande wa chaja, itachaji.

Tachipadi na vipokezi

Android inakubali kipanya bila maandalizi. iPad ilianza kuikubali tachipadi rasmi na iPadOS 13.4 mwaka 2020, lakini tachipadi za bei nafuu mara nyingi hujitambulisha kama kipanya cha kawaida tu, hivyo miondoko ya vidole viwili au vitatu huenda isifanye kazi. Kwenye kibodi ndogo tachipadi inakula nafasi ya vitufe. Skrini unaigusa, iache.

Kibodi zinazokuja na kipokezi kidogo cha USB badala ya Bluetooth hufanya kazi kupitia adapta ya OTG, ila zinaziba tundu la chaji. Mwaka 2016 watafiti wa kampuni ya Bastille ya Marekani walionyesha kuwa baadhi ya kibodi nafuu za aina hii zilikuwa zinatuma kila herufi hewani bila kuificha. Kwa nywila za benki, chagua Bluetooth.

Majaribio ya dukani

Iwe Kariakoo, Luthuli au duka la mtaani, nenda na tableti yako ikiwa na chaji, na usikubali kibodi ijaribiwe kwenye simu ya muuzaji.

1. Oanisha na tableti yako. Mwambie muuzaji azime Bluetooth ya simu yake kwanza, kwani kibodi ya maonyesho hukimbilia kifaa ilichokizoea.
2. Bonyeza kila kitufe kimoja baada ya kingine, ukianza juu kushoto. Kisha shikilia Shift ya kushoto upitie herufi zote, na urudie kwa Shift ya kulia.
3. Andika sentensi ya ng'ombe mara tatu, halafu chapa kwa kasi maneno kama *kwakwe* na *wakawaka*. Tazama herufi zinazojirudia au kupotea.
4. Iweke kwenye kaunta ngumu na ubonyeze kila pembe. Ikitikisika, imepinda. Ya kukunja ifungue na kuifunga mara kadhaa huku ukichapa katikati.
5. Izime, iwashe tena. Inapaswa kujiunga yenyewe ndani ya sekunde chache bila kuoanishwa upya.
6. Kama ni ya kuchaji, chomeka waya wa chaji uone taa. Bila taa ya chaji, usiondoke nayo.

Omba risiti yenye muda wa dhamana, na modeli iandikwe humo.

Kuoanisha nyumbani

Washa kibodi, kisha shikilia kitufe cha kuoanisha kwa sekunde tatu mpaka taa ipepese haraka. Kwenye K380 ni F1, F2 au F3, kila kimoja kikihifadhi kifaa chake. Kwenye kibodi nyingi nyingine ni Fn pamoja na C au kitufe chenye alama ya Bluetooth. Kwenye tableti fungua mipangilio ya Bluetooth, tafuta kifaa kipya, na uguse jina la kibodi. Ikitokea namba kwenye skrini, ichape kwenye kibodi yenyewe *na umalizie kwa Enter*. Wengi huchapa namba na kusubiri, muda unakwisha, wanasema kibodi ni feki.

Kisha chagua aina ya mfumo. Kwenye kibodi nyingi za bei nafuu Fn na Q ni Android, Fn na W ni Windows, Fn na E ni iPad. Ukikosea hapa herufi zitaandika kama kawaida, lakini vitufe vya sauti, nakili na kurudi mwanzo havitatii.

Kwenye Android nenda sehemu ya lugha, fungua kibodi halisi na uchague mpangilio wa Kiingereza cha Marekani. Usichague ule wa kimataifa. Mpangilio huo unaichukulia ritifaa kama alama ya kuweka juu ya herufi inayofuata: unaandika *ng'ombe*, inatoka *ngómbe*, *ng'ambo* inakuwa *ngámbo*. Kwenye iPad fungua Settings, General, Keyboard, kisha Hardware Keyboard, ambayo huonekana tu kibodi ikiwa imeunganishwa, na uzime Auto-Correction. Vinginevyo Kiswahili chako kitasahihishwa kwa Kiingereza huku macho yako yakiwa kwenye vidole.

Ikianza kusumbua

Shift na 2 inatoa alama za kunukuu badala ya @: tableti iko kwenye mpangilio wa Uingereza. Ikiwa ilikuwa sawa na imebadilika ghafla, huenda umebonyeza Ctrl na kitufe cha nafasi kwa pamoja, njia ambayo hubadilisha lugha. Rudia mpaka urudi ulikokuwa.

Herufi ya kwanza hupotea baada ya mapumziko: kibodi ilikuwa imelala ili kuokoa betri. Bonyeza Shift, subiri sekunde moja, uendelee.

Herufi zinarukwa au kujirudia: badilisha au chaji betri kwanza. Ikiendelea, Bluetooth inagombania masafa ya gigahezi 2.4 na Wi-Fi. Hamishia ruta kwenye gigahezi 5 kama inaweza, au sogeza modemu ya mfukoni mbali na kibodi. Meza ya chuma na diski za USB 3 zilizo karibu huongeza tatizo.

Inaonekana kwenye orodha lakini haiungani: ifute kwenye orodha ya Bluetooth ili tableti isiikumbuke, zima vifaa vingine ilivyowahi kuunganishwa navyo, kisha anza upya. Ikigoma bado, zima na kuwasha tableti kabla ya kulaumu kibodi.

Kibodi ya skrini inaendelea kutokea juu ya maandishi: kwenye mipangilio ya kibodi halisi ya Android kuna swichi ya kuionyesha au kuificha. Ifiche.

Kitufe kimoja kimekuwa kigumu, hasa kwa wakaao pwani ambako mchanga mwembamba na chumvi huingia kila mahali: igeuze kibodi kifudifudi, igongegonge taratibu, kisha pitisha brashi kavu ya rangi kati ya vitufe. Kitufe chembamba kinachokaa juu ya vipande vya plastiki vilivyopishana kama mkasi usiking'oe; kucha zake za plastiki zikivunjika hakirudi.